Tuligombea kisu, nyama wakala wengine

Kijana mwenzangu wa Tunduma, hebu sogea hapa kijiweni tuulizane jambo moja. Waache kwanza Simba na Yanga wapumzike. Mara ya mwisho wewe kula nyama ilikuwa lini? Sisemi mchuzi uliopitiwa na nyama, wala mfupa wa kulamba siku ya msiba, wala ule mshikaki mmoja ulionunua jioni baada ya kubeba mizigo kutwa nzima pale mpakani. Nasema nyama. Ukaagiza, ukaletewa, ukashiba, ukafuta mdomo.

Naona unaanza kuhesabu vidole. Usione aibu, hata mimi nahesabu.

Sasa sikiliza. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ilisimama bungeni mwaka 2023 ikatamba kwamba nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, mbuzi zaidi ya milioni 26 na kondoo wapatao milioni 9. Sensa ya mwaka 2022 nayo ilisema sisi Watanzania ni milioni 61 na ushee. Piga hesabu, hata kama hesabu ulipata sifuri kama mimi: kila Watanzania watano wana karibu ng'ombe watatu. Hapo kijiweni mko kumi. Ng'ombe wenu sita wako wapi? Nani anawachunga? Na siku wakichinjwa, nani anakula mnofu na nani anabaki kufukuza nzi?

Wimbo wa wakubwa ni ule ule tangu tukiwa shule ya msingi: Tanzania ni ya pili Afrika kwa wingi wa ng'ombe, iko nyuma ya Ethiopia tu. Wakishauimba wanapigiwa makofi, wanaingia kwenye mashangingi yao, vumbi tunabaki nalo sisi. Lakini hao hao, katika makabrasha yao, wanakiri kwamba Mtanzania anakula kama kilo 15 za nyama kwa mwaka, na wanasema alitakiwa ale kilo 50. Kilo 15 kwa mwaka ni gramu 41 kwa siku, kipande unachoweza kukifunika kwa kijiko cha chai. Tena huo ni wastani. Yule bwana anayeagiza nyama choma kila Ijumaa amekulia na kijiko chako.

Mimi siyo mchumi. Ni mwandishi wa kujitegemea, elimu yangu iliishia kidato cha nne, na kabla ya kushika kalamu nilishika kisu. Habari hiyo nitakusimulia. Lakini kwanza nikukumbushe aibu yetu.

KISU CHA NANI?

Aprili 2013, siku chache tu baada ya Pasaka, Tunduma iliwaka. Kama ulikuwa mdogo muulize kaka yako. Ugomvi ulikuwa juu ya nani mwenye haki ya kuchinja ng'ombe wa bucha, Mwislamu au Mkristo. Matairi yakachomwa barabarani, mawe yakaruka, polisi wakamwaga mabomu ya machozi, maduka yakafungwa, vijana wakasombwa kwenye magari ya polisi. Barabara kuu ya Zambia, ile inayopitisha shaba ya Kongo na mafuta ya majirani, ikasimama kwa ajili ya shingo ya ng'ombe. Miezi miwili kabla, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa namna hiyo hiyo ulishamtoa roho mchungaji mmoja.

Sina haja ya kuchochea moto uliozimika. Kila mtu na imani yake, na jirani yangu Mwislamu na jirani yangu Mlutheri wote walinifundisha adabu. Ninachouliza ni hiki: siku ile tuliporushiana mawe kugombea nani ashike kisu, nani alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe? Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama machinjio ina maji. Hakuna aliyeuliza yule kijana anayechuna ngozi usiku kucha analipwa nini. Hakuna aliyeuliza inakuwaje ng'ombe anunuliwe kwa bei ya kutupa kule Kamsamba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, halafu akifika mjini awe nyama ya bei mbaya, na pesa ya katikati iingie mfuko gani. Tulipigania dakika moja tu ya maisha ya ng'ombe, ile ya kukatwa shingo. Miaka yake yote ya nyuma na biashara yake yote ya mbele tukawaachia wengine.

Na wakubwa walalahoi wakigombea kisu hawapati hasara yoyote. Hasara yao ingeanza siku tungegombea ng'ombe.

USIKU WA MACHINJIONI

Nilimaliza shule na cheti ambacho hakikunifikisha popote. Mjomba akanipeleka machinjioni, katika mji mmoja wa huku Nyanda za Juu Kusini. Jina la mji silitaji kwa sababu sigombani na mtu, na hata ningelitaja ungesema mbona na kwetu ni vile vile. Kazi ilianza saa nane usiku. Banda la bati, sakafu ya saruji iliyopasuka, maji ya kubeba kwa ndoo kwa sababu bomba lilikuwa pambo. Taa ilikuwa ya simu: mmoja wetu ameing'ata kwa meno, mikono yake imezama tumboni mwa ng'ombe. Kulabu za kutundikia zilikuwa mbili na ng'ombe wa usiku mmoja walifika kumi na wawili. Wawili walitundikwa kama wanavyotakiwa. Kumi tuliwachunia chini, juu ya ngozi zao wenyewe, katikati ya damu na mavi.

Mshahara haukuwepo. Unalipwa kwa kila ng'ombe uliyemchuna, na siku mwenye ng'ombe ameamka vibaya anakulipa kwa kipande cha utumbo. Mabuti ni yako, kisu ni chako, ukijikata kidole ni chako pia. Mkaguzi wa nyama alifika alfajiri ana haraka, akapiga muhuri, akaondoka. Simlaumu sana. Alikuwa peke yake kwa machinjio tatu, na pikipiki ya kazi haikuwa na mafuta. Ila ushuru wa kuchinja ulikusanywa kila usiku bila kukosa, pamoja na zile siku ambazo maji yalikosekana kabisa.

Kutoka hapo nyama inapakiwa kwenye guta, au kwenye boksi nyuma ya bodaboda, inafika bucha jua limeshachomoza. Hapo ndipo serikali inakumbuka usafi! Bwana afya anakuja na daftari lake, mwenye bucha anaulizwa mbona anakatia nyama kwenye gogo kwa shoka badala ya msumeno wa umeme, mbona hana koti jeupe, mbona vigae vimebanduka. Faini. Sisemi gogo ni zuri, hapana. Nasema mtu mwenye akili anaanza kufagia nyumba kutoka ndani. Nyama imeshachunwa kwenye mavi, imeshasafiri na nzi maili tatu, halafu tunaiandalia vigae vyeupe mwisho wa safari ili iuzwe ikiwa imependeza.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, fundi wa kuchuna kuliko sisi sote. Akaanza homa isiyokatika, jasho la usiku, viungo vinauma. Alitibiwa malaria mara nne. Baadaye sana ndipo akaambiwa ni ule ugonjwa wanaoupata watu kutoka kwa ng'ombe wanaotupa mimba. Kufikia hapo kiuno kilikuwa kimeshaharibika, hawezi kubeba hata debe la maji. Fidia hakuna, kwa sababu hakuna mkataba, na mkataba haupo kwa sababu kwenye karatasi za serikali yeye hakuwahi kuwa mfanyakazi wa mtu yeyote. Siku hizi yuko hapa hapa Tunduma anauza vocha.

Mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoua zaidi ya watu 100 nchini, bucha zilikosa wateja na wote tukahimizana nyama ipikwe iive. Sawa. Na yule anayeishika ikiwa mbichi, damu mpaka kwenye viwiko, yeye aive wapi?

MAKABURI YA VIWANDA

Usije ukadhani nchi hii haikuwahi kuijua kazi hii. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni na kampuni ya Liebig, mabingwa wa nyama ya makopo, walianzisha Tanganyika Packers. Kiwanda kikajengwa Kawe, Dar es Salaam, ng'ombe wakaletwa kutoka bara, kopo likapanda meli kwenda Uingereza. Mkoloni alifanya hivyo kwa tumbo lake, siyo letu, hilo tunalijua. Lakini kiwanda kilichinja, watu wakaajiriwa, na baada ya Uhuru kikawa mali yetu. Miaka ya 1990 kikafa. Leo ukisikia mtu wa Dar anasema anakwenda Tanganyika Packers, ujue anakwenda kwenye uwanja wa mikutano ya Injili au ya kampeni. Pale ambapo ng'ombe aligeuzwa kopo, siku hizi mwananchi anageuzwa kura.

Shinyanga nako, kwenye kitovu cha ng'ombe wa nchi hii, kilijengwa kiwanda cha nyama miaka ya 1970. Hakikuwahi kufanya kazi iliyokusudiwa. Wakakibinafsisha, kikaendelea kulala. Na wewe ukipanda Coaster kutoka hapa kwenda Mbeya, kabla hujaingia mjini konda anaita Mbalizi. Hapo pia pana mahali panaitwa Tanganyika Packers. Ulizia nyama hapo, utaelekezwa bucha ya karibu. Lililobaki ni jina na malumbano ya ardhi. Ukigeukia njia ya Sumbawanga utakikuta kiwanda cha SAAFI, kilichojengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali, bungeni wakaupigia kelele, kikaja kuyumba kwa madeni. Huku kwetu tumezungukwa na makaburi ya nyama pande zote mbili za barabara!

Sasa vuka mpaka. Hapo Nakonde, hatua chache. Zambia haina hata robo ya ng'ombe tulionao sisi. Lakini mwaka 1994, kipindi kile kile ambacho Kawe ilikuwa inakata roho, wenzetu walianzisha kampuni inaitwa Zambeef. Ikajenga machinjio, ikajenga sehemu za kulishia ng'ombe wanenepe, ikanunua malori ya barafu, ikafungua bucha zake miji mbalimbali. Mwaka 2003 ikaingia soko la hisa la Lusaka, mwaka 2011 ikaingia na la London. Ikawahi kufungua maduka mpaka Nigeria na Ghana. Sikuambii kwamba Zambeef ni malaika. Ni kampuni ya matajiri, inatafuta faida kama matajiri wote. Nakuambia tu kwamba mwenye ng'ombe wachache anauza nyama, na mwenye ng'ombe wengi anauza hotuba.

Na jiografia ilitupendelea sisi. Tunduma ni mlango wa Zambia, wa Kongo, wa kusini yote. Reli ya TAZARA inapita hapa. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019, Magufuli na Lungu wakakata utepe, tukaambiwa foleni zitapungua na biashara itapanda. Wewe unashinda pale mpakani mwaka mzima. Umeshaona lori la barafu limeandikwa nyama ya Momba likivuka kwenda Lubumbashi? Unachokiona, kama macho yako hayalali mapema, ni ng'ombe wazima wakivushwa usiku kwa njia za panya, na ngozi yao, kwato zao, utumbo wao, ajira yao, vyote vikivuka pamoja nao. Waziri Luhaga Mpina mwenyewe alilalamika mwaka 2018 kuhusu mifugo inayotoroshwa mipakani. Wazambia nao wamekuwa wakiinung'unikia homa ya mapafu ya ng'ombe kwamba inawafuata kutoka upande wetu. Nani atakufungulia mlango wa mbele wakati unamwingizia maradhi kwa dirishani?

MAWAZIRI TISA, KOFIA TISA

Tangu mwaka 2008 mpaka mwisho wa mwaka 2024 kiti cha waziri mwenye dhamana ya mifugo kilikaliwa na watu tisa. Magufuli alikikalia kabla hajawa Rais. Akaja Mathayo, aking'oka Desemba 2013 pamoja na wenzake watatu kwa madudu ya Operesheni Tokomeza. Akaja Kamani, akaja Mwigulu, akaja Tizeba, akaja Mpina, akaja Ndaki, akaja Ulega, akaja Kijaji. Hata sisi wa Tunduma tulionjeshwa: mwaka 2023 mbunge wetu David Silinde alikuwa Naibu Waziri wa Mifugo na Uvuvi kwa miezi kadhaa, kisha akahamishiwa Kilimo. Mkimwona mulizeni alituachia nini. Miezi ilikuwa michache, hilo nalijua, lakini swali haliui.

Kila mmoja alikuja na lake. Mmoja anapiga chapa ng'ombe kwa chuma cha moto, wafugaji wanahangaika kuchapa. Chapa haijapona zinakuja hereni za kielektroniki za kulipia, wafugaji wanapiga kelele, zinasimamishwa. Katikati hapo ikaja Operesheni Nzagamba ya kukamata nyama na mifugo ya magendo. Mwaka 2017 ng'ombe 1,325 waliotoka Kenya wakapigwa mnada, na vifaranga 6,400 wakachomwa moto kule Namanga. Serikali yenye uwezo wa kuchoma vifaranga elfu sita kwa siku moja ilishindwa nini kuweka taa machinjioni?

Ukitazama kwa makini utaona kitu kimoja. Katika nchi hii ng'ombe anakumbukwa na serikali mara mbili: siku ya kuhesabiwa na siku ya kukamatwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wa Ihefu, bonde la Usangu, walifukuzwa na makundi yao wakaelekezwa Lindi na kwingineko, kwa sababu mto Ruaha Mkuu unakauka na umeme unakosekana Dar. Sibishi kwamba maji yalitakiwa. Lakini ng'ombe walikufa njiani, wakauzwa njiani kwa bei ya karanga, na kuna watu walianza safari ile wakiwa matajiri wakaimaliza wakiwa vibarua. Mpaka leo ng'ombe akiingia hifadhini anashikwa, anatozwa faini kwa kichwa, au anapigwa mnada. Faini inapatikana haraka. Josho na lambo la kunyweshea ng'ombe huyo huyo linasubiri bajeti.

NYAMA YA UARABUNI

Utaniambia, ndugu mwandishi, mbona siku hizi tunauza nyama Uarabuni? Kweli tunauza, tusiwe wachoyo wa kusema. Mwaka wa fedha 2020/21 nyama iliyokwenda nje haikufika hata tani 2,000. Mwaka 2021/22 ikapita tani 10,000, na 2022/23 ikapita tani 14,000. Machinjio mpya za watu binafsi zimefunguliwa, Pwani na Longido kwa mfano. Ni hatua. Ila chungulia ndani ya hiyo ndege utakuta sehemu kubwa ni mbuzi na kondoo, mizoga midogo midogo, wanakwenda Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait na Oman. Ng'ombe tunayejisifia kwamba ni wa pili Afrika amebaki nyumbani, amekonda. Na ukichukua nyama yote inayozalishwa nchini, inayotajwa kuzidi tani 700,000 kwa mwaka, inayokwenda nje ni kama kilo 2 katika kila kilo 100.

Hizo kilo 98 zinachinjwa wapi? Kule nilikokuwa mimi. Usiku, kwa taa ya simu.

Hapo ndipo ugomvi wangu na wakubwa ulipo. Vipaumbele vyote, wataalamu wote, picha zote za magazetini ni za kilo 2. Kilo 98, zenye tumbo lako na ajira yako, hazina mwenyewe. Tukubaliane hata na lugha yao ya soko la nje: utauzaje nje kama ndani ni pachafu? Botswana ina ng'ombe wachache kuliko mikoa yetu miwili ikiungana, lakini imeuza nyama Ulaya kwa miaka mingi. Walijenga uzio, wakachanja, wakamfuatilia kila ng'ombe kutoka zizini mpaka kwenye lori, na machinjio yao ya Lobatse ilikuwepo hata kabla hawajapata uhuru mwaka 1966. Sisi ugonjwa wa miguu na midomo unatembea nchi nzima bila kitambulisho, halafu tunashangaa Ulaya wanatukunjia uso.

Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kule Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, dawa kwa ruzuku na hereni safari hii bure. Hili nalisifu, na mhariri asinifutie. Ndilo lililotakiwa kufanywa kabla ya chapa, kabla ya Nzagamba, kabla ya vifaranga. Lakini chanjo ni jambo la kurudia kila mwaka, na kampeni huwa zinazimika na mwenge. Tutaiangalia kwa macho mawili.

NGOZI, PUMBA NA WEWE

Sasa tuje kwenye mfuko wako, maana najua umeanza kupiga miayo.

Kuna kitu kinaitwa ngozi. Zamani mchunaji aliyechana ngozi alikatwa pesa, ngozi ilikuwa mali. Tulikuwa na viwanda vya ngozi Mwanza, Morogoro na Moshi, na viatu vya Bora vilivaliwa na wazee wetu shuleni. Ukaja ubinafsishaji, vikalala. Serikali ikasema ngozi ghafi isitoke nje, ikapandisha ushuru wa kuisafirisha mpaka ukafika asilimia 80. Nia ilikuwa viwanda vya ndani viinunue. Viwanda vya ndani vya kuimeza vikawa vichache mno, hata baada ya kile kipya cha Karanga pale Moshi. Matokeo yake kule machinjioni nilichimba mashimo kwa mikono yangu, tukafukia ngozi kama maiti, huku miguuni nimevaa viatu vya mtumba vya ngozi kutoka Ulaya. Kichekesho hicho sikukisoma kitabuni.

Kuna pumba na mashudu. Wilaya ya Mbozi inalima mahindi, wewe mwenyewe umeyabeba. Alizeti inakamuliwa mkoani humu humu. Ng'ombe wa kienyeji akitoka bondeni anatoa nyama kilo mia, mia na kitu, kwa sababu amekulia majani makavu. Mfungie miezi mitatu na pumba, mashudu na maji, anabadilika mwili na nyama yake inalainika. Kazi hiyo haitaki digrii. Wizara nayo inaijua: iliwaweka vijana kwenye vituo vya unenepeshaji Tanga, Mwanza na Kagera chini ya ule mpango wa BBT. Vizuri. Lakini kwa nini pumba ziko Mbozi, ng'ombe wako Momba, mnunuzi yuko ng'ambo ya mpaka, na kituo kiko Tanga?

Mkoa huu wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya Januari 2016. Tuliambiwa huduma zitasogea karibu. Zimesogea ofisi.

Ninachotaka tudai wala siyo kiwanda cha mabilioni. Viwanda vya mabilioni tumeshaviona vinavyolala. Nataka maji ya bomba machinjioni yanayotoka usiku, maana ng'ombe hachinjwi mchana. Nataka kulabu za kutosha ng'ombe wote, taa, mkaguzi anayekaa mpaka mwisho, chumba cha baridi kinachowaka. Nataka wachunaji wawe na mkataba, mabuti, na kupimwa afya kila mwaka kwa gharama ya anayekula ushuru. Hayo yakikamilika, Mzambia na Mkongo watakuja wenyewe na malori yao kuchukua nyama hapa, na ng'ombe hatatembea tena gizani. Siku hiyo ukitaka kujadili nani ashike kisu tutajadili kwa amani, kwa sababu wote tutakuwa na kazi ya kwenda asubuhi.

Na usiniambie hela hakuna. Ushuru wa kuchinja upo, ushuru wa mnada upo, leseni za bucha zipo, faini za gogo zipo. Halmashauri inajua imekusanya kiasi gani kwa mwaka kutoka kwenye shingo za ng'ombe. Inajua pia imerudisha kiasi gani. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo siasa yote ya nyama, na hakuna anayekukataza kuiuliza.

Baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka, na kikao ni cha wazi. Hulipi kiingilio. Huna haja ya kubeba tairi wala jiwe. Beba kalamu, kaa nyuma, ngoja wafike kwenye taarifa ya mapato, andika namba ya machinjio. Kisha ngoja taarifa ya matumizi, andika namba ya machinjio. Kama ya pili haipo, mfuate diwani wako pale nje kabla hajapanda gari.

Mimi nitakuwepo. Yule mwenzangu wa vocha naye amesema atakuja, ila ameomba tumtafutie kiti chenye egemeo.